JUU YA MAFUNZO YA UNASIHI

Wanachama wa matawi kadha wametuandikia kuuliza maoni yetu juu ya mafunzo ya mwanzo ya unasihi na tiba ya maongezi, ambayo watumishi hupelekwa kwa siku tano au majuma mawili, kisha hurudi na cheti. Wako wasemao kuwa hilo ni jambo la anasa lisilomhusu karani. Wako na wengine walioyapenda mafunzo hayo mno, hata wadhani ya kwamba mwenye cheti amekwisha kuwa tabibu wa nafsi za watu. Sisi twaona kuwa wote wamekosea njia, walakini hao wa pili ndio wawezao kuleta madhara, kwa hiyo tutakawia kwao zaidi.

Kwanza jina lenyewe. Kazi hii kwa Kiswahili yaitwa ushauri nasaha, na kila ajuaye lugha afahamu kuwa nasaha ni ushauri na ushauri ni nasaha; ni sawa na kumwita mtu karani mwandishi. Basi alisikiaye hudhani kuwa atafundishwa kutoa mashauri, tena maradufu. Kumbe jambo la kwanza afundishwalo ni kuyazuia. Aghalabu wanafunzi huketishwa watatu watatu: mmoja aeleza jambo linalomtaabisha, wa pili amsikiliza, wa tatu awatazama wote wawili ili baadaye aseme aliyoyaona. Msikilizaji aruhusiwa kuuliza swali ambalo haliishi kwa "ndiyo" wala "siyo", na kumrudishia mwenziwe maneno yake ili kuhakikisha kwamba ameyaelewa, lakini asiseme, "Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi." Dakika kumi za namna hiyo ni ndefu kuliko asubuhi nzima ya kunakili majedwali.

Desturi hii yatoka mbali kidogo. Mwaka 1942 Mmarekani mmoja, Carl Rogers, alitoa kitabu juu ya unasihi na tiba ya maongezi, na ndani yake akatia mazungumzo yote ya mtu mmoja aliyekuja kutafuta msaada, vikao vinane, neno kwa neno, kama yalivyonaswa na mashine ya sahani. Zamani walimu wa kazi hii walitegemea sana kumbukumbu zao, na twajua sote jinsi kumbukumbu impendeleavyo mwenyewe. Sasa msomaji aliweza kuhesabu ni maneno mangapi yalisemwa na mwenye shida na mangapi na bwana aliyejiita msaidizi. Mwaka 1957 Rogers akaandika juu ya masharti ya kazi hiyo, na matatu ndiyo yajulikanayo zaidi: msikilizaji awe mkweli nafsini mwake, amheshimu msemaji bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kwa jicho la msemaji. Wataalamu wamebishana tangu siku zile kama hayo yatosha, lakini ni wachache wanaokana kwamba kazi huanzia hapo.

Tena hayo yanatuhusu sisi. Mjane afuatiliaye mirathi ya mumewe hakuja na karatasi tu mkononi, amekuja na msiba wake, na jibu alipatalo ni, "Faili halijarudi, Mama, njoo Jumatatu." Yuko mtumishi mwenzetu ambaye mshahara wake umekwisha kuliwa na mikopo ile iitwayo kausha damu, huchelewa kazini, huandikiwa barua ya kujieleza, wala hakuna aliyemwuliza ana nini. Wengi wa hao hawahitaji tabibu. Wahitaji mtu awasikilize robo saa bila kutazama saa ya ukutani, kisha awaonyeshe mlango unaofaa. Jambo hilo lafundishika, na halitaki shahada.

Anayesitasita na atazame Zimbabwe. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kazi Mbare, katika mji wa Harare, kwa kuwafundisha mabibi wazee kukaa na wagonjwa katika benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao. Hawakutumia majina magumu ya maradhi. Walisema kufungisisa, yaani kwa Kishona kufikiri kupita kiasi. Sisi husema, "Fulani ana mawazo," na hakuna asiyeelewa. Mwaka 2016 zilichapishwa habari za majaribio yaliyofanywa katika zahanati 24 na watu 573: baada ya miezi sita, waliopelekwa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko wenzao. Kazi hiyo imekwisha kufika Malawi na Zanzibar. Nairobi nako, mwaka 2017, zilitolewa habari za wanawake 421, ambao baadhi yao walipata vikao vitano kwa wasaidizi wasio mabingwa wa nafsi, wakapata nafuu kuwapita wenzao.

Lakini watu huzisoma habari hizi nusu nusu. Hushika neno "mabibi" na neno "mafunzo mafupi", wakaacha lililobaki. Mabibi wale wana njia moja waifuatayo, wana wakubwa wa kuwasimamia, na mgonjwa aliye na hali nzito hupelekwa mbele kwa wajuzi. Huko Uingereza, chama kikubwa cha wanasihi hutaka mafunzo ya mwaka mzima, au miaka miwili kwa asomaye huku akifanya kazi, pamoja na saa 100 za kukaa na watu chini ya usimamizi. Na hata aliyekwisha kukubaliwa, awe mzee wa kazi namna gani, hana budi kukaa na msimamizi wake saa moja na nusu kila mwezi. Hiyo siku tano yetu ni kizingiti cha nyumba hiyo.

Twajua ofisi moja, wala hatutaitaja, ambayo karani wake alirudi na cheti siku ya Ijumaa, na Jumatatu akakuta kibao mlangoni: Mshauri Nasaha. Chumba kilikuwa cha meza tatu. Mtu wa kwanza kuja alieleza mambo ya nyumbani kwake, na kabla juma halijaisha yalikuwa yakinywewa chai kantini. Karani hakuyatoa, masikio ya meza ya pili ndiyo yaliyoyatoa. Wa pili alisema ya kuwa hataki tena kuishi. Karani hakuwa na msimamizi wa kumwuliza, wala hakuwa ameambiwa mgonjwa kama huyo apelekwe wapi, akaogopa pia kuvunja siri. Akabaki na neno hilo siku mbili bila kulala. Kwa bahati njema jamaa za mtu yule waligundua wenyewe wakampeleka hospitali. Darasani karani yule alifundishwa vizuri kutunza siri. Alichokosa ni kuambiwa kwa mkazo kwamba siri ina mpaka, nao ni uhai wa mtu, na kwamba yapasa mpaka huo utajwe kabla mazungumzo hayajaanza.

Kwa hiyo twaiomba Kamati iyatake mafunzo haya kwa watumishi wengi iwezekanavyo, ikianza na wale wa dirishani na mapokezi, lakini ikatae katakata mtu kupewa jina la mnasihi kwa cheti cha siku tano. Panapowekwa kazi hiyo, saa zake zihesabiwe kuwa saa za kazi, na awepo msimamizi mjuzi kutoka nje ya ofisi. Wala mkuu wa idara asiwe mnasihi wa mtu ambaye mwisho wa mwaka atamwandikia taarifa. Nani atafungua moyo wake mbele ya kalamu hiyo?

Wanachama watakao majina yao yapelekwe na wawaandikie makatibu wa matawi yao, wakitaja pia hospitali iliyo karibu yenye mganga wa maradhi ya akili, na kama ofisi yao ina chumba chenye mlango unaofungika. Isipokuwa nacho, aitwe seremala kwanza, jina litafuata.