Bila chumba cha baridi, picha zetu za zamani zitapotea

Ndani ya nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Butembo, Kindu na Lubumbashi kuna sanduku ambalo hakuna tena anayelifungua. Humo mna negatifu za harusi, za ubatizo, za timu za mpira, za wazee waliozikwa bila kuacha picha nyingine. Mwenye studio alikufa, aparei ikauzwa, sanduku likabaki chini ya kitanda ao juu karibu na mabati. Tunadhani picha hizo zinatungoja, kumbe zinakufa polepole.

Ili kuelewa sababu, tuangalie namna filamu inavyotengenezwa. Kiwandani, kama kile cha Kodak mjini Rochester, Marekani, wanaanza na utando mwembamba unaopitisha mwanga. Kwa miaka mingi utando huo umetengenezwa kwa asetati, kitu kinachotokana na miti ao pamba. Halafu madini ya fedha, yale yale ya mikufu, yanayeyushwa katika asidi na kuchanganywa na chumvi ndani ya jelatini, ambayo inatolewa kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe. Hapo zinatokea punje ndogo sana zinazosikia mwanga, na toka wakati huo kazi inafanyika gizani. Mchanganyiko unapakwa juu ya utando, tabaka juu ya tabaka. Filamu ya rangi ina zaidi ya tabaka kumi. Mwishowe roli lenye upana wa zaidi ya mita moja linakatwa vipande vya milimita 35 na kutobolewa pembeni.

Mifupa, ngozi, miti, fedha: kitu cha namna hiyo kinaharibika kama chakula. Ndiyo maana Kodak inashauri filamu ya sinema ambayo haijatumiwa iwekwe kwenye nyuzi 13 ao chini yake, na ikipita miezi sita iwekwe kwenye baridi ya kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikitolewa kwenye frigo, inaachwa imefungwa kwa saa kadhaa mpaka ipate joto la chumba, la sivyo matone ya maji yanaikalia.

Filamu iliyokwisha kupigwa picha nayo ina adui wale wale, joto na unyevu. Asetati ikioza inatoa asidi yenye harufu ya siki, ile tunayoita vinegre. Asidi hiyo inaharakisha uozo na kuambukiza filamu za jirani. Utando unajikunja, jelatini inabanduka, sura ya mtu inapasuka. Kwenye nyuzi 21 na unyevu wa wastani, filamu mpya inafika hatua hiyo baada ya miaka 40 ao 50. Chini ya mabati yenye joto, haifiki huko. Katika baridi kavu ya nyuzi 4 inaweza kudumu karne kadhaa.

Wenzetu wamelielewa jambo hili. Huko Culpeper, Virginia, Maktaba ya Bunge la Marekani imegeuza handaki la zamani la benki kuu kuwa ghala la filamu. Picha za mkusanyo wa Bettmann zimewekwa ndani ya mgodi wa zamani huko Pennsylvania, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Na picha nyingi za Congo ya wakati wa ukoloni, zikiwemo zile za shirika la Inforcongo, ziko Tervuren, Ubelgiji.

Hapo ndipo shida yetu. Mwaka 2022 mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, na jumba la makumbusho la taifa, lililofunguliwa mwaka 2019, likawa na mahali pa kukipokea. Tukidai na filamu zetu, swali la kwanza litakuwa: zitawekwa wapi? Bila chumba cha baridi, kuzirudisha ni kuzizika. Na zile ambazo hazikuondoka hapa, nani anazilinda?

Kuna watakaosema: vita inaendelea, hospitali hazina dawa, nanyi munaongelea frigo ya picha? Swali ni la haki. Lakini lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya Goma, na mitaa ile leo inaonekana kwenye picha tu. Inchi inayokimbizwa kila mara inahitaji ushahidi wa namna ilivyoishi. Wengine watasema skana inatosha. Skana inasaidia, lakini disku nayo inakufa, na filamu ya asili ikihifadhiwa vizuri inaweza kusomwa tena.

Hatuombi mgodi wa Pennsylvania. Tunaomba chuo kikuu, parokia ao jimbo lianze na chumba kimoja kikavu, chenye kuta nene, mashine ya baridi na paneli za jua. Bukavu na Goma ziko kwenye mita karibu 1500. Hali ya hewa imetusaidia nusu ya kazi.

Kabla ya hapo, kila familia ifungue sanduku lake wiki hii. Lishushwe kutoka karibu na mabati, liinuliwe kutoka chini, liwekwe chumba chenye ubaridi zaidi. Negatifu zitiwe katika bahasha za karatasi, na zinazonuka siki zitengwe na kupigwa skana kwanza. Majina ya watu yaandikwe juu ya bahasha wakati angali yupo mzee anayewatambua.