Miiko ya Uongozi Irudi

Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, halikuanza na uchumi. Lilianza na imani ya chama cha TANU kuwa binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. Mwalimu Nyerere aliichota kwenye udugu wa ukoo, na pia kwenye vitabu alivyosoma Edinburgh. Hilo halilipunguzii Azimio Uafrika wake. Kutokana na imani hiyo, kiongozi alikatazwa hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Kwa Azimio la Zanzibar, mwaka 1991, miiko hiyo ikalegezwa, ingawa Ibara ya 9 ya Katiba ya Tanzania bado inataja Ujamaa na Kujitegemea. Mchuma chai wa Amani, mkoani Tanga, anayetua kikapu kwenye mizani, ana haki ya kujua kiongozi wake anamiliki nini. Tunataka miiko irudi, tena kwa sheria.