NYUMBA NA MATUNZO YAKE: Sakafu Kwanza, Zulia Baadaye

Miongoni mwa mitaa ya Kigali, Nyarutarama, iliyomo katika tarafa ya Remera, wilaya ya Gasabo, inafahamika kwa nyumba zake kubwa zenye bustani, zilizojengwa kwenye miteremko inayoelekea uwanja wa gofu. Nyumba za namna hiyo aghalabu huwa na sakafu ya saruji au vigae, na vigae huwa baridi sana alfajiri katika mji ulioinuka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Si ajabu basi kwamba familia yenye watoto wanaotambaa hutamani kutandika zulia, au itapi kama wasemavyo wenyeji kwa Kinyarwanda, kutoka ukuta hadi ukuta.

Tamaa hiyo si mbaya. Ubaya huanza pale zulia linaponunuliwa asubuhi, fundi akatafutwa mchana, na kazi ikamalizika kabla ya magharibi. Fedha zilizowekwa kidogo kidogo kwa miaka miwili huweza kuoza chini ya miguu ya wenye nyumba katika msimu mmoja wa mvua. Kwa hiyo yafaa bwana na bibi wa nyumba waketi pamoja kabla ya kumwita fundi, na wajiulize maswali machache.

JE, ZULIA LITABAKI AU LITAHAMA?

Swali la kwanza linawahusu hasa askari wa jeshi na wa polisi. Maisha yao ni ya uhamisho. Zulia lililokatwa kwa kufuata pembe za chumba kimoja, likapigiliwa au kugandishwa kwa gundi, haliwezi kuhamishwa likakaa vizuri katika chumba kingine. Familia iliyopanga nyumba, au iliyopewa nyumba ya serikali, ingefaa kununua zulia la kutandika katikati ya chumba na kushonwa kingo zake. Zulia la namna hiyo hukunjwa siku ya safari na kutandikwa kituo kipya bila kumhitaji fundi.

Zulia la ukuta hadi ukuta linamfaa yule aliyejenga nyumba yake mwenyewe, au mpangaji mwenye mkataba mrefu ambaye mwenye nyumba amemkubalia kwa maandishi. Bila ya maandishi hayo, mpangaji anapoondoka huweza kudaiwa gharama ya kuondoa gundi na kuziba matundu ya misumari. Na yule aliyejenga kwa mkopo, kama vile ule utolewao na ZIGAMA CSS, chama cha akiba na mikopo kinachowahudumia wanajeshi, polisi na askari magereza wa Rwanda, akumbuke kwamba zulia ni pambo la mwisho. Paa, mifereji na kuta hutangulia.

UNYEVU UTOKAO KILIMANI

Nyumba ya mtelemkoni ina siri yake. Ili kupata kiwanja bapa, mjenzi huchimba kilima, na ukuta wa nyuma wa nyumba mara nyingi hukaa karibu na udongo uliokatwa, au huugusa kabisa. Mvua inyeshapo, maji hushuka ndani ya udongo na kutafuta njia. Yasipopata mfereji, huingia ukutani na chini ya sakafu. Chumba cha mbele chaweza kuwa kikavu kabisa huku chumba cha nyuma, ambacho aghalabu hulaza watoto, kikinyonya maji kimya kimya.

Sakafu ya vigae huificha hali hiyo, kwa kuwa unyevu kidogo hukauka hewani. Zulia huufungia. Sponji iliyo chini yake hulowa, gundi huachia, na ukungu humea mahali asipouona mtu. Harufu ya uvundo ndiyo hutangulia kuwapasha habari wenye nyumba, na kwa mtoto mwenye pumu ukungu huo ni adui wa kweli.

Kuna jaribio rahisi lisilogharimu kitu. Kipande cha karatasi ya plastiki chenye upana wa nusu mita kila upande hulazwa juu ya saruji tupu, kingo zake zikabandikwa kwa utepe ili hewa isipite. Baada ya usiku na mchana mmoja kinafunuliwa. Matone yakionekana chini yake, au saruji ikiwa imebadilika rangi kuwa nyeusi, sakafu hiyo haijawa tayari. Penye vigae, jaribio hili halitoshi, kwa maana kigae huzuia maji. Hapo huangaliwa maungio ya vigae na sehemu ya chini ya kuta: rangi inayobanduka, unga mweupe wa chumvi, au mbao za pembeni zilizovimba ni mashahidi wa kutosha.

Jambo linalosahauliwa ni majira ya kufanya jaribio hilo. Kigali hupata mvua nyingi kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Sakafu inayojaribiwa mwezi Julai huweza kusema uongo, kwa maana kilima chenyewe kimekauka. Anayeweza kusubiri na aijaribu sakafu mwezi Aprili, mvua ikiwa imekolea, kisha atandike zulia mwezi Julai, hewa ikiwa kavu. Na nyumba mpya ipewe muda wake. Mafundi wa Uingereza hukadiria siku moja ya kukauka kwa kila milimita ya saruji ya kusawazishia sakafu, hivyo tabaka la milimita 50 huhitaji kiasi cha siku 50, na mvua huurefusha muda huo.

KUMCHAGUA FUNDI

Wauza mazulia wengi huwa na fundi wao, na majirani huwa na wao. Kuna pia wanaotafuta mafundi katika Gakiriro ya Gisozi, mahali mashuhuri kwa maseremala na vifaa vya ujenzi. Popote atakapopatikana, yafaa apimwe kwa mambo matatu.

La kwanza, je, anataka kuiona sakafu? Fundi anayetaja bei ya kazi nzima kwa simu, bila kukanyaga chumba, anauza haraka yake. Fundi wa kweli huja, huinama, hugonga vigae kusikiliza vilivyoachia, huuliza ukuta wa nyuma umepakana na nini, na huangalia kama mlango utafunguka.

La pili, je, anayo kazi ya zamani ya kuonyesha? Kila zulia ni zuri siku ya kwanza. Kazi ya kukaguliwa ni ile iliyopitiwa na masika moja au mawili. Hapo yaangaliwe maungio: kama yamefunuka au yameinuka, na kama zulia limejikunja mithili ya mawimbi katikati ya chumba. Mawimbi hayo huonyesha kwamba halikuvutwa sawasawa, au gundi haikushika.

La tatu, anazo zana zake? Kwa zulia la kuvutwa, fundi huhitaji vijiti vyenye meno ya misumari vya kuzunguka kuta, kifaa cha kusukumia kwa goti, kisu chenye nyembe mpya na tepu ya kupimia. Anayekuja na kisu cha jikoni na kopo la gundi atagandisha kila kitu, na zulia lililogandishwa vibaya huondolewa kwa kuchanwa.

HESABU YA ZULIA

Ugomvi mwingi kati ya fundi na mwenye nyumba huanzia kwenye vipimo. Mwenye nyumba hupima urefu na upana, akazidisha, kisha akashangaa kuambiwa anunue zaidi. Hapo si lazima iwe fundi anamwibia. Mazulia huuzwa kwa robota zenye upana maalumu, mara nyingi mita 4, na mengine mita 5 au mita 3.66.

Chukuliwe mfano wa chumba chenye urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6. Eneo lake ni mita za mraba 15.12. Lakini kwa robota ya mita 4 hukatwa urefu wa mita 4.3, ili ipatikane ziada ya kusawazisha kingo, na zulia linalolipiwa huwa mita za mraba 17.2. Mabaki ni mali ya mwenye nyumba. Yatunzwe, kwa kuwa ndiyo kiraka cha siku ambayo kaa la jiko litadondoka.

Chumba kinachozidi upana wa robota huhitaji kuungwa, na hapa ndipo penye mtego. Manyoya ya zulia huelekea upande mmoja. Fundi mwenye kubana matumizi huweza kukigeuza kipande cha kuongezea kwa kukingama, na kipande hicho kitaonekana kama cha rangi nyingine kila mwanga wa dirisha unapokipiga. Vipande vyote vielekee upande mmoja, na maungio yasipite mlangoni wala njia ya kupitia kila siku. Wakati mwingine robota ya mita 5, ijapokuwa bei yake ni kubwa, huwa nafuu kwa kuwa haihitaji kuungwa. Rahisi ghali, wahenga walikwishasema.

MAPATANO YA MAANDISHI

Mapatano yaandikwe kabla kisu hakijagusa zulia. Karatasi moja yatosha, kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaisoma, Kinyarwanda au Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Iandikwe ni vyumba vipi, zulia la aina gani, nani ananunua sponji, gundi na vijiti, na nani anahamisha vitanda na makabati. Iandikwe pia nani atamlipa seremala wa kupunguza milango, kwa kuwa zulia na sponji yake huweza kuinua sakafu kwa milimita 20, na mlango hukwama. Mwisho, iandikwe kwamba fundi atarudi bila malipo iwapo maungio yatafunuka katika muda uliokubaliwa.

Kwa upande wa dukani, iulizwe kama bei inajumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini Rwanda ni asilimia 18. Juu ya zulia la faranga 500,000, kodi hiyo ni faranga 90,000, na si fedha ya kugundua dakika ya mwisho. Risiti ya mashine ya EBM idaiwe, kwa maana ndiyo ushahidi wa mnunuzi iwapo zulia litakuwa na kasoro ya kiwandani.

Malipo ya fundi yagawanywe: sehemu ya kununulia vifaa mwanzoni, na iliyobaki siku kazi inapokaguliwa. Lakini ikikaguliwa na kukubalika, alipwe siku hiyo hiyo. Kuna mwenye nyumba ambaye, kwa kuwa amevaa sare, hudhani fundi ataogopa kudai. Huko ni kuidhalilisha sare. Fundi naye ana watoto wanaongoja karo, na askari anayelinda mali za raia hawezi kuwa yeye mwenyewe mwenye kudhulumu jasho la raia.

SIKU YA KAZI

Siku isiyofaa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa asubuhi yake ni ya umuganda. Siku iliyochaguliwa, chumba kiwe kitupu na kimefagiliwa, maana punje moja ya mchanga chini ya zulia husaga nyuzi kila inapokanyagwa. Fundi aonyeshwe mabomba ya maji na nyaya zinapopita, asije akazitoboa kwa misumari. Gundi nyingi hutoa mvuke unaoshika moto na kuumiza kichwa. Madirisha yawe wazi, jiko la makaa liwe mbali, na watoto walale chumba kingine usiku huo.

Iwapo fundi atafika siku hiyo, akaligusa pembe la chumba cha nyuma, kisha akasema, "Mzee, hapa pana maji; mfereji utengenezwe kwanza," asionekane mvivu wala mwenye kutafuta nyongeza. Amejikosesha ujira wa siku ili kuiokoa akiba ya familia ya mwingine. Namba yake ya simu ihifadhiwe, mfereji uchimbwe, na kiangazi kikifika aitwe huyo huyo.