Mashilingi kwa Mtoto Anayenyonya

Mama mmoja alinisimamisha sokoni majuzi, mtoto wa miezi 8 mgongoni. Alipomvua kofia ya sufu niliona mabaka mawili ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi. "Nimepaka kila aina ya mafuta, dada," akasema. "Yanafifia kidogo, kisha yanarudi makubwa zaidi."

Hayo ni mashilingi, au punye kama wengine wasemavyo. Wengi hudhani ni ugonjwa wa watoto wa shule tu, na kweli hao ndio huupata zaidi. Lakini hata anayenyonya huambukizwa, mara nyingi na watu wa nyumbani mwake. Nilipouliza, mama alikiri kwamba kaka mtu, mwenye miaka 6, "ana mba kidogo tu." Kitana ni kimoja!

Kuvu wanaoleta ugonjwa huu hawakai juu ya ngozi pekee. Hushuka ndani ya vinyweleo na kuingia katika unywele wenyewe, ambako mafuta hayafiki. Tena krimu nyingi za kutuliza mwasho zina steroidi, na hizo huficha ugonjwa huku kuvu wakienea. Mafuta ya taa nayo, ambayo bado kuna wanaoyatumia, huchoma ngozi ya mtoto bure.

Dawa inayofika kwenye shina la unywele ni ya kumezwa. Griseofulvin hutumiwa kwa wiki 6 hadi 8, pengine zaidi, na hufanya kazi vyema ikimezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Kipimo hufuata uzito, kwa hivyo usimgawie mdogo dawa ya kaka yake. Daktari huenda akakwangua magamba yachunguzwe kwanza, maana yako magamba mengine ya utosini, yenye mafuta, ambayo huwatoka watoto wachanga na hupona yenyewe. Hayo hayakati nywele.

Ukiona uvimbe laini unaotoa usaha, usiukamue ukidhani ni jipu. Mpeleke mtoto hospitalini upesi, kwani kovu likibaki hapo nywele hazitaota tena.

Nilimshauri aende kliniki na watoto wote wawili, na afue kofia na taulo kwa maji moto. Akauliza kama amnyoe mtoto. La, hakuna haja, na wembe utamkwaruza tu.