"Kutwa mara tatu" na saumu: Usiingie Ramadhani bila kumuuliza mfamasia



Katika safu yetu leo tuzungumze jambo linaloigusa kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, pumu au kifafa. Nalo ni namna tunavyomeza dawa katika mwezi wa Ramadhani. Kabla ya mwezi kuandama huwa tunajiandaa kwa tende, unga na sukari. Lakini bahasha ya dawa iliyomo kabatini hatuikumbuki mpaka siku ya kwanza ya kufunga, na hapo kila mtu hujiamulia lake.

Hebu itazame bahasha hiyo. Juu yake pameandikwa kidonge kimoja kutwa mara tatu, au mtoa dawa ameandika 1x3 kwa kalamu. Kwa dawa nyingi maana yake ni kidonge kimoja kila baada ya saa 8. Sasa mwenye kufunga huku kwetu hukaa saa 13 au zaidi bila kula wala kunywa, tangu alfajiri hadi magharibi. Hiyo kutwa yenyewe ndiyo saa ambazo kinywa kimefungwa! Basi mara tatu hizo zitapatikana wapi? Mmoja humeza mara mbili na kuiacha ya tatu. Mwingine hukusanya vidonge vyote vitatu akavimeza kwa pamoja baada ya futari. Wa tatu huacha kabisa, akisema ataendelea baada ya Idi. Wote watatu wanaona wamefanya la busara, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Wataalamu wamechunguza

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 1986 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika Kuwait kwa wagonjwa 325 waliokuwa wakitibiwa bila kulazwa. Asilimia 64 kati yao walibadili namna ya kumeza dawa zao katika Ramadhani.

Mwaka 2004 yakatoka matokeo ya uchunguzi mkubwa zaidi, uliofanywa kwa watu zaidi ya 12,000 wenye kisukari katika nchi 13 zenye Waislamu wengi. Katika wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho aghalabu huwapata watu wazima, asilimia 79 walifunga siku 15 au zaidi. Hata wenye aina ya kwanza, ambao uhai wao unategemea insulini, asilimia 43 walifunga kiasi hicho. Lakini waliobadili kipimo cha dawa zao hawakufika nusu. Matokeo yake, kushuka kwa sukari kwa kiwango cha hatari kuliongezeka zaidi ya mara 4 kwa aina ya kwanza na zaidi ya mara 7 kwa aina ya pili, ukilinganisha na miezi mingine.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba hapa kuna makosa mawili. Wapo wanaobadili dawa isiyofaa kubadilishwa ovyo. Na wapo wanaoendelea na kipimo kilekile ilhali mwili hauna chakula mchana kutwa. Vidonge kama glibenklamaidi huulazimisha mwili kutoa insulini, iwe umekula au hukula. Ukivimeza daku kwa kipimo cha siku zote, kisha ukashinda na njaa, sukari inaweza kushuka adhuhuri ukaanguka. Makosa yote mawili yana tiba moja, nayo ni kuelezwa na mtu anayejua.

Kuelezwa ni sehemu ya dawa

Wengi wetu tunadhani kazi ya duka la dawa imekwisha tukishapokea bahasha na kulipa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha jambo la kuzingatiwa sana. Waliwachukua wagonjwa 395 katika kliniki za majimbo matatu, wakawaonyesha maandishi ya kawaida ya chupa za dawa. Moja lilisema: meza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Katika wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 71 waliweza kuyasema maneno hayo sawasawa. Walipoambiwa wahesabu vidonge vya siku nzima, waliopata vinne walikuwa asilimia 35 tu. Kwa hiyo mtu anaweza kukariri maelezo yote na bado akakosea dawa. Na hao hawakuwa wamefunga!

Ndiyo maana mwaka 1990 wasomi wawili wa famasia wa Marekani, Hepler na Strand, waliandika kwamba kazi ya mfamasia si kutoa dawa tu, bali ni kubeba dhamana ya matokeo ya dawa hiyo kwa mgonjwa. Fikra hiyo imebadili mafunzo ya famasia katika nchi nyingi. Mwanafunzi hafundishwi tena kemia ya dawa peke yake, anafundishwa pia kuzungumza na mgonjwa na kufuatilia hali yake.

Hata hivyo safari haijafika mwisho. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi kutoka Qatar, nchi ya Waislamu, juu ya wafamasia na wagonjwa wa kisukari wanaofunga. Ujuzi wa wafamasia hao ulionekana kuwa wa wastani tu. Walilalamikia wingi wa kazi na kukosa mahali pa faragha pa kuzungumza na mgonjwa, ingawa wenyewe walikuwa na ari ya kusaidia zaidi. Ikiwa Qatar hali ndiyo hiyo, sisi huku tusijidanganye. Hapa Tanzania mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, na watoa dawa wake hupewa mafunzo kabla ya kuhudumia watu. Hilo ni jambo jema. Lakini mteja anaponunulia dirishani huku watu watano wanamsukuma mgongoni, ataulizwa saa ngapi kama anafunga?

Maoni yetu

Sisi tunasema hivi. Vyuo vinavyofundisha wafamasia na watoa dawa vifundishe kwa vitendo namna ya kumhudumia mgonjwa anayefunga, kama vinavyofundisha habari za mama mjamzito. Mwanafunzi asihitimu mpaka aweze kumuuliza mgonjwa: Je, utafunga? Kisha amtake arudie kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyomeza dawa. Swali hilo halichukui hata dakika moja.

Misikiti nayo ina nafasi. Darsa za mwezi wa Shaaban huzungumzia nia, daku na zaka. Kuna ubaya gani siku moja akaalikwa mfamasia au daktari, akakaa pamoja na sheikh, watu wakauliza? Mwaka 1997 wanazuoni na madaktari walikutana Casablanca, Morocco, wakakubaliana kwamba matone ya macho na ya masikio, dawa za kubandika kwenye ngozi, na sindano zisizo za lishe havibatilishi saumu. Kuhusu dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo rai zimetofautiana, na hapo kila mtu amuulize sheikh wake. Mgonjwa wa pumu asiache dawa yake kabatini kwa kukisia hukumu.

Wapo watakaosema: nikienda kuuliza, nitaambiwa nisifunge. Ndugu yangu, hofu hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Kwanza, wagonjwa wengi hawakatazwi, bali hupangiwa upya. Dawa ya shinikizo la damu ya mara moja kwa siku mara nyingi huweza kuhamishiwa usiku. Dawa ya mara tatu pengine ina ndugu yake wa mara moja au mbili. Pili, ukiambiwa usifunge, ruhusa hiyo hakuitoa mfamasia. Imo katika Surat al-Baqarah, aya ya 184 na 185, kwa mgonjwa na msafiri. Kuikubali si udhaifu wa imani.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwanza, usingoje mwezi uandame. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani, uliotolewa 2016 na kupitiwa upya 2021, unataka mgonjwa aonane na mtaalamu wiki 6 hadi 8 kabla.

Pili, chukua dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na za miti shamba, uende nazo. Uliza mambo manne: nimeze saa ngapi, kabla au baada ya kula, kipimo kibaki au kipungue, na nikisahau nifanye nini.

Tatu, usikusanye vidonge vya siku nzima ukameza mara moja. Usiponde kidonge kilichotengenezwa kutoa dawa polepole. Dawa za kifua kikuu, za kifafa na za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi usiruke hata siku moja. Panga saa zake na kliniki yako.

Nne, mwenye kisukari aendelee kupima sukari mchana, kwani tone la damu la kidoleni halifunguzi. Ikishuka chini ya 70, au ikipanda juu ya 300, kwa kipimo cha miligramu, afungue papo hapo. Kwa mashine zenye kipimo cha milimoli ni chini ya 3.9 au juu ya 16.6. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi au kuchanganyikiwa, msimwambie avumilie mpaka magharibi hata kama zimebaki dakika kumi. Apewe kitu cha sukari wakati huohuo.

Tano, mtoto au mjukuu anayejua kusoma awe msimamizi wa dawa za bibi na babu, na azihesabu kila usiku baada ya tarawehe.

Mwili ni amana, ndugu msomaji, na tutaulizwa juu yake. Mfamasia ana wajibu wa kukueleza, nawe una haki ya kuuliza hata kama foleni ni ndefu. Usione haya kusema pale dirishani: Mimi nitafunga, nieleze.

Wabillahi tawfiq.