Elimu Si Bidhaa

Mzazi wa Pwani apelekaye mwanawe Thika au Ruiru hukuta vyuo vikuu vikishindania wanafunzi mfano wa maduka. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa hati mwaka 2011, kilitokana na Taasisi ya Teknolojia ya Thika. Zetech cha Ruiru kilianzia kwenye kompyuta. Hatuvilaumu: vimewafungulia milango wengi waliokosa nafasi katika vyuo vya umma. Lakini karo ikiwa ndiyo nguzo, somo lisilo na wanunuzi huwa hatarini, na huenda mwalimu akaona taabu kumwangusha aliyelipa. Nani basi atasomesha ushairi na tarehe zetu? Masheikh walitufunza: mali wailinda wewe, elimu yakulinda. Serikali na igharimie masomo hayo, nasi wazazi tusiulize mshahara tu.