Mtambue nyigu kabla ya kununua dawa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mihogo katika maeneo ya Kinshasa na Brazzaville ilianza kudumaa. Vichomozi vilijikunja, majani yakasinyaa, na chini ya majani hayo alijazana mdudu mdogo mwenye unga mweupe ambaye wakulima hawakuwahi kumwona. Alitoka Amerika ya Kusini, kwao muhogo wenyewe, na adui zake wa asili walibaki huko. Kwa miaka michache alienea katika nchi nyingi za Afrika zinazolima zao hilo, na palipoharibika zaidi alipunguza mavuno kwa hadi asilimia 80. Mwaka 1977 akapewa jina la kisayansi: Phenacoccus manihoti.

Watafiti walivuka bahari kumtafuta adui yake. Kaskazini mwa Amerika ya Kusini walimkuta mdudu aliyefanana naye kama pacha, tena akiwa na nyigu wanaomshambulia. Walipojaribiwa kwa mdudu wa Afrika, nyigu hao walimkataa. Ndipo uchunguzi ukaonyesha kwamba wale hawakuwa wadudu wa spishi moja: wa kaskazini ana madume na majike, ilhali aliyevamia Afrika huzaa majike watupu bila kuhitaji dume. Alama nyingi za kuwatofautisha zinahitaji hadubini. Mwaka 1981 mdudu mwenyewe akapatikana Paraguay, na hukohuko akapatikana nyigu wake, Anagyrus lopezi, aliye mdogo kuliko chembe ya mchele.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mswisi Hans Rudolf Herren, akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya IITA mjini Ibadan, Nigeria, aliongoza kazi ya kuwazalisha nyigu hao kwa wingi na kuwaachia mashambani, pengine kwa kuwamwaga kutoka kwenye ndege. Jike hutaga ndani ya mdudu wa muhogo, na buu linaloanguliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani. Nyigu hao walisambaa katika nchi zaidi ya 20, na mkulima hakulipa hata senti. Herren alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiwa mkuu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi.

Ukiutazama mkasa huo kwa makini, utaona kwamba kilichokwamisha kazi mwanzoni na kilichoikwamua baadaye ni kitu kimoja, nacho ni kujua mdudu yupi ni yupi. Kazi hiyo huitwa uainishaji. Katika nchi za Afrika Mashariki mara nyingi huchukuliwa kama starehe ya watu wa makumbusho, jambo la kusubiri hadi bajeti inenepe. Huo ni mtazamo wa gharama kubwa.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana kwa nyigu wenyewe. Nyuki, nyigu, siafu na sisimizi wako katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la wadudu, yenye spishi zaidi ya 150,000 zilizokwisha kupewa majina. Nyuki ni kama 20,000. Siafu, sisimizi, majimoto na ndugu zao wanazidi 13,000. Karibu wote waliobaki, zaidi ya 100,000, ni nyigu, na wengi wao ni vidudu visivyoonekana kwa urahisi wala kumuuma mtu yeyote. Ukoo wenyewe una mambo. Nyuki ni tawi la nyigu lililoacha nyama likageukia chavua. Sisimizi nao ni tawi jingine la nyigu, ambalo wafanyakazi wake hawana mabawa. Mchwa hawamo kabisa, maana ndugu zao wa karibu ni mende. Mwiba wa nyuki ulitokana na mrija wa kutagia mayai, ndiyo maana dume haumi. Dume huyo huzaliwa kutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo hana baba, ingawa babu anaye.

Katika umati huo wote, anayesemewa hadharani ni mmoja tu, nyuki wa asali. Umoja wa Mataifa umewapa nyuki siku yao, 20 Mei, na wanastahili. Lakini hata kati ya nyuki, wa asali si kila kitu. Pasheni huchavushwa vizuri zaidi na wale nyuki weusi wanene wanaotoboa mbao za paa, ambao wenye nyumba huwafukuza kwa moshi na mafuta ya taa.

Zanzibar ilikuwa na somo lake tangu miaka ya 1950. Mtaalamu wa wadudu Michael Way alichunguza kwa nini minazi mingine ilipukutisha vidaka na vitale huku ya jirani ikizaa vizuri. Mharibifu alikuwa mdudu anayefyonza nazi changa, ambaye baadaye alipewa jina la Way mwenyewe, Pseudotheraptus wayi. Minazi iliyokaliwa na majimoto ilisalimika, kwa sababu majimoto hawamwachi mdudu huyo atulie. Ila wapo sisimizi wengine, wenye askari wa vichwa vikubwa, wanaoweka makao chini ya mnazi na kuwafukuza majimoto. Hao wakishinda, nazi huangamia. Kwa hiyo mkwezi anayechoma viota vya majimoto kwa kuchoshwa na kuumwa anaweza kuwa anachoma ulinzi wa shamba lake. Na anayemwaga dawa ya kuua “sisimizi” bila kubagua hajui amemwondoa nani.

Nyanda za juu zina mfano mwingine, ambao hauzungumzwi vya kutosha. Kwenye kabichi, figiri na sukuma wiki hutokea viwavi wa rangi nyeusi iliyoingia kijani ambao si viwavi wa nondo wala wa kipepeo. Ni watoto wa Athalia, mmoja wa wadudu wa kale wa oda hiihii: hawana kiuno chembamba, hawana mwiba, na jike hupasua jani kwa kifaa chenye meno ya msumeno ili atage. Mkulima huenda duka la pembejeo na kuuziwa dawa ya bakteria ya Bt, ile inayosifiwa kwa kuwa salama, anaipulizia, na viwavi wanaendelea kula, kwa kuwa aina ya Bt iliyokusudiwa viwavi wa nondo haiwadhuru hawa. Wiki inayofuata anahamia sumu kali. Kumtambua kungehitaji kuhesabu miguu tu: kiwavi wa nondo hana zaidi ya jozi tano za miguu laini ya nyuma, huyu ana sita au zaidi.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba nyigu wanauma, na kwamba mtu mwenye mzio anaweza kufa. Kiota kilicho kwenye dari la darasa kiondolewe. Wengine watauliza kwa nini serikali imlipe mtu wa kutazama vijidudu kwa hadubini ilhali zahanati hazina dawa. Jibu liko kwenye viwavijeshi vamizi.

Viwavi hao waligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa tayari kwenye mahindi ya Kenya na Tanzania. Serikali zikakimbilia kugawa viuatilifu. Watafiti nao wakafikiria kuleta kutoka nje nyigu anayeitwa Telenomus remus, asiyefikia milimita moja, ambaye hutaga ndani ya mayai ya nondo kabla kiwavi hajaanguliwa. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba hakukuwa na haja ya kumleta: alikuwa tayari Kenya, Benin, Niger, Côte d'Ivoire na Afrika Kusini. Yeye naye hufa kwa sumu iliyokusudiwa viwavi.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana mkusanyiko wa wadudu wa miaka mingi, na ICIPE ipo tangu Thomas Odhiambo alipoianzisha mwaka 1970. Hata hivyo, afisa ugani anayepita shambani hubeba, mara nyingi, orodha ya dawa. Wizara za kilimo zinaweza kuanza na sehemu ndogo ya fedha za viuatilifu: lenzi ya mkononi kwa kila afisa ugani, picha za maadui na marafiki kumi wa kila zao, na ajira za kudumu kwa wataalamu wa uainishaji watakaojibu sampuli inapotumwa, kabla msimu haujapita.